Ruta ya Teltonika RUTX11 kwenye mashua: uzoefu wangu

Mashua iko Kilifi, imetia nanga ndani ya hori, lakini wenye mashua tuko Nairobi na karibu kazi yote ya mtandao wake ilifanyiwa huku. Ni ya fiberglasi, mali ya familia ya shemeji yangu. Wikendi hubeba wageni, siku nyingine hubaki na mlinzi. Tulitaka mambo mawili: aliyemo ndani aweze kufanya kazi ya ofisi kama yuko mjini, na sisi wa Nairobi tuone betri ina volti ngapi na kama pampu ya ngama, ile inayotoa maji yaliyojikusanya chini ya chombo, inawaka usiku.

Ukitaja intaneti ya baharini, watu wengi hukimbilia setilaiti. Starlink ilianza kutoa huduma Kenya Julai 2023, na kwa anayekwenda mbali na pwani sioni cha kushindana nayo. Hata hivyo ushauri wangu ni kuanza na ruta. Intaneti huja na kuondoka, ila mtandao wa ndani ya chombo unatakiwa usimame saa zote. Plota (skrini ya ramani ya baharini), kipima kina, kamera, kipimo cha betri na tableti ya nahodha vinazungumziana vyenyewe bila kuhitaji intaneti hata kidogo. Ukivitegemeza kwenye hotspoti ya simu ya mtu, siku akishuka nayo kwenda sokoni vyote vinanyamaza.

Kilichonifanya nichague RUTX11 ni umeme kabla ya kasi. Inakubali volti 9 hadi 50 za DC, kwa hiyo inafungwa moja kwa moja kwenye betri, fyuzi katikati, bila inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Inveta hula umeme hata isipokuwa na mzigo, na kwenye chombo kila wati ina mwenyewe. Halafu betri ya volti 12 haikai kwenye 12: ikichajiwa hupanda hadi 14 na zaidi, na injini ikipigwa stata hushuka ghafla. Ruta nyingi za nyumbani hujizima papo hapo. Hii ina nafasi ya kuvumilia. Soketi yake ya umeme ina pini nne, waya mwekundu na mweusi ndio wa umeme, na mingine miwili, wa kijani na mweupe, ni ya ishara. Ile miwili niliifunga tepu nikaiacha.

Waya ndio ulionizungusha. Kirinyaga Road utapata waya wa gari wa kila unene, lakini karibu wote ni shaba tupu. Hewa ya chumvi hupenya ndani ya ganda la plastiki, shaba inageuka kijani kisha inakuwa unga. Dai waya ambao kila uzi wake umepakwa bati, na umwambie muuzaji akuchunie ncha uone: ukiwa mweupe kama fedha, chukua.

Majaribio tuliyafanya nyumbani Donholm, ruta ikiwa kwenye betri ya gari barazani. Inachukua laini mbili, nami nikaweka za kampuni mbili tofauti, moja nikaiacha makusudi bila bando. Hapa ndipo pa kusoma kwa makini. Laini iliyoisha bando bado huonyesha mawimbi kamili, imesajiliwa kwenye mtandao vizuri kabisa, isipokuwa hakuna data inayopita. Ukiiambia ruta ihame pale mawimbi yanapokuwa dhaifu tu, itakaa hapo hadi kesho. Lazima uiambie ipige ping, yaani itume ujumbe mdogo wa kuuliza kama kuna anayejibu, kwenye anwani ya nje kila baada ya muda, na isipojibiwa mara kadhaa ihamie laini ya pili. Nilipoweka hivyo, ilihama yenyewe. Ujue pia kwamba modemu ndani yake ni moja, kwa hiyo laini mbili haziwaki pamoja. Ikihama, simu ya video inakatika. Anayetaka zote ziwake kwa pamoja aangalie RUTX12, ambayo ina modemu mbili.

Antena tuliipandisha juu ya mlingoti. Ikiwa mita 2 juu ya maji, upeo wake wa redio, yaani umbali ambao mawimbi hufika kabla ya kuzuiwa na mviringo wa dunia, ni takriban kilomita 6. Ukiiinua hadi mita 9 unafika kama 12, bado hujahesabu urefu wa mnara wa nchi kavu. Lakini kebo nyembamba ya antena hula ulichopata kwa kupanda: kila desibeli 3 zikipotea, nusu ya nguvu imekwenda, na kebo nyembamba ya aina ya RG58 ya mita 10 inaweza kupoteza zaidi ya mara mbili ya hizo. Nunua kebo nene, au sogeza ruta karibu na antena na urefu wote uupeleke kwenye waya wa umeme na wa Ethernet. Ila ruta yenyewe usiiweke nje. Kiwango chake ni IP30, maana yake haina kinga yoyote ya maji.

Nahodha wetu, mzee wa Takaungu, aliniambia, "Mwanangu, mimi nataka kina cha maji tu, hayo mengine ni yenu." Sasa anakisoma kwenye tableti yake, kupitia Wi-Fi yenye jina lake pekee. Wageni wana jina lao na kikomo chao cha data, kwa sababu simu zao zikiona Wi-Fi huanza kujisasisha zenyewe na bando linakwisha kabla ya kufika mlangoni mwa hori.

Kuifikia kutoka Nairobi nako kuna njia yake. Laini za kawaida hazikupi anwani ya umma, yaani anwani ya intaneti inayofikika kutoka popote, kwa hiyo huwezi kuipigia ruta kutoka nje. Mashua ndiyo inayopiga, kwa WireGuard (programu ya VPN, njia ya siri ndani ya intaneti), hadi seva ndogo tuliyokodi, nasi tunaingilia hapo. Data ikikwama kabisa, ruta hupokea amri kwa SMS: natuma neno la siri na "reboot" nikiwa kwenye matatu ya Jogoo Road, nayo inajiwasha upya Kilifi.

Kinachofuata kwetu ni Starlink Mini, itakayochomekwa kwenye mlango wa WAN wa ruta, ule wa kuingizia intaneti, iwe chanzo kingine tu. Kwa wati 30 hivi mchana na usiku, itataka karibu saa-ampea 60 kwenye betri ya volti 12 kila siku. Kwa hiyo paneli za sola zinatangulia, sahani baadaye.