Seva ya pili ya bakapu: ipi ya kununua, kuanzia bora hadi ya kuepuka

Usiku wa Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo la SBG2 la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja waligundua asubuhi kwamba bakapu walizokuwa wakizitegemea zilikuwa kwenye eneo lilelile, na zimeteketea pamoja na seva zao. RAID, yaani diski kadhaa zinazoshirikiana ili moja ikifa data ibaki, haizimi moto. Bakapu ambayo haina nakala yake kwenye seva nyingine, jengo jingine, bado haijakamilika.

Kabla ya kuchagua seva, piga hesabu ya laini ya mtandao kati ya seva ya kwanza na ya pili. Laini ya megabiti 100 kwa sekunde hupitisha megabaiti 12.5 tu, tena kama haina kazi nyingine. Terabaiti 1 itachukua saa 22 hivi. Terabaiti 10, zaidi ya siku 9. Ndiyo maana nakala ya kwanza hupigwa seva zote mbili zikiwa chumba kimoja, kisha ile ya pili ikabebwa hadi kwake. Baada ya hapo kinachosafiri ni mabadiliko tu: gigabaiti 200 kwa siku zitaingia ndani ya saa 4 na nusu, na hilo usiku mmoja unalimudu.

Sharti langu la pili silegezi: seva ya pili iende yenyewe kuchukua data, isiwe ya kwanza ndiyo inayopeleka. Mdukuzi akishapata haki za msimamizi kwenye seva ya kwanza, atatafuta funguo za kuingilia kwingine. Akikuta ufunguo wa kuandika na kufuta kwenye seva ya pili, umepoteza zote mbili kwa mkupuo.

Nafasi ya kwanza naipa seva mbili za ZFS, mfumo wa kupanga na kulinda faili kwenye diski, na kwa wengi njia rahisi ya kuzipata ni TrueNAS, mfumo endeshi wa seva za kuhifadhi data, ambao toleo lake la jamii ni bure. Chukua folda yenye faili ndogo milioni kadhaa. Programu ya kawaida ya kunakili hulazimika kuipitia orodha yote, faili moja baada ya nyingine, ili ijue kipi kimebadilika. Saa nzima inaweza kwisha kabla haijatuma kitu cha maana. ZFS haihitaji msako huo. Kila bloku, yaani kipande kidogo cha data kwenye diski, imeandikwa ilizaliwa lini, kwa hiyo mfumo hulinganisha snapshoti (picha ya data ilivyokuwa wakati fulani) ya jana na ya leo na kutuma tofauti peke yake. Laini ikikatika katikati, kazi inaweza kuendelea pale ilipoishia. Data iliyosimbwa (isiyosomeka bila ufunguo) inaweza kutumwa ikiwa bado imesimbwa, bila seva ya pili kupewa ufunguo, jambo la thamani kubwa kama seva hiyo iko kwenye chumba cha watu wengine. Tena kila bloku ina cheksamu, namba ya kuhakiki kwamba haijabadilika, hivyo diski inayooza kimyakimya itajulikana kwenye ukaguzi wa kawaida.

Ina masharti yake. Pande zote mbili ziwe ZFS, na ile snapshoti ya pamoja, iliyopo kwenye seva zote mbili, isifutwe, la sivyo utaanza upya tangu bloku ya kwanza. Weka snapshoti za seva ya pili zidumu muda mrefu kuliko za kwanza. Ukinunua diski, uliza kama ni za SMR, ambazo njia zake za data hupandana kama vigae; zikiwa hizo, ziache. Siku diski moja ikifa, kujaza mpya kwenye SMR kunaweza kuchukua muda mrefu mno.

Kama kazi yako kubwa ni mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva moja) za mfumo wa Proxmox, ruka moja kwa moja hadi programu yake ya bakapu, Proxmox Backup Server. Huigawa data vipande, kipande kinachojirudia hukiweka mara moja tu, na seva ya pili huvuta vile isivyokuwa navyo. Ina pia kazi ya kuhakiki vipande kwa ratiba. Tatizo lake ni diski za kuzunguka: uhakiki na usafishaji huburura, basi bajeti ya SSD, diski zisizozunguka, itengwe mapema. Na lile chaguo la kufuta kule kilichofutwa huku, liache limezimwa.

Synology mbili, seva za kuhifadhi faili zinazouzwa zikiwa tayari, ni za ofisi isiyo na fundi. Snapshot Replication, programu yake ya kutuma snapshoti kwenye seva ya pili, inahitaji mfumo wa faili wa Btrfs, na si kila modeli inao, kwa hiyo soma karatasi ya modeli kabla ya kulipa. Utabaki umefungwa kwa chapa moja pande zote mbili.

rsync, programu ya kunakili faili iliyopo tangu 1996, ni bure na hufanya kazi karibu kwenye Linux yoyote. Lakini ikiachwa peke yake haina kumbukumbu ya jana: virusi vya kudai fidia vikisimba faili zako, itanakili uharibifu huo kwa uaminifu kabisa. Itumie pale tu ambapo seva inayopokea ina snapshoti zake.

Mwisho kabisa naweka vioo vya papo kwa papo, yaani programu kama DRBD zinazonakili kila uandishi kwenye seva ya pili saa ileile. Muuzaji atakuahidi kutopoteza hata sekunde moja, na diski ikifa ahadi hiyo ni ya kweli. Ila amri ya kufuta nayo hufika upande wa pili papo hapo. Na kama kila uandishi lazima usubiri jibu la kule, kila kilomita 100 za nyaya huongeza takriban milisekunde 1 ya kwenda na kurudi. Ni kifaa cha kuendeleza huduma, si bakapu.

Chochote utakachochagua, usisaini hati ya kupokea mzigo siku hiyohiyo. Chomoa waya wa mtandao data ikiwa inasafiri, urudishe, uone kama kazi inaendelea. Kisha zima seva ya kwanza kabisa, rejesha mashine moja nzima au folda moja kubwa kutoka ya pili, na uandike ilichukua saa ngapi.