Mwaka mmoja na gitaa la umeme la kisasa: shingo ilinifurahisha mapema, mlio ulichelewa

Nimepiga gitaa la umeme kwa miaka 15, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa na gitaa moja tu, lililoundwa kwa kufuata Stratocaster, gitaa la kampuni ya Fender, ya mwaka 1954: pikapu tatu (nazungumzia zile zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, si magari) za koili moja, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, freti 21 (vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo) na ubao wa shingo uliopinda sana. Mwaka jana nilinunua gitaa jipya lenye umbo hilohilo, ambalo ukilitazama kwa mbali hulitofautishi na la zamani, ila ukilishika unagundua kwamba karibu kila kiungo chake kimebadilishwa.

Nianze na shingo, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nitoe fedha. Ubao wa gitaa langu la zamani umepinda kama kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha milimita 184. Mpindo huo unaufaa mkono unapobana nyuzi kadhaa kwa pamoja karibu na kichwa cha gitaa, lakini ukiusukuma uzi mwembamba kupandisha nota kwenye freti za mbali, uzi hupanda mgongo wa ubao, hugusa freti zilizo mbele yake na sauti hukatika ghafla. Ubao wa gitaa jipya huanza na milimita 254 kichwani, kisha hunyooka kidogo kidogo hadi kufikia 356 mwishoni. Nota ya freti ya 15 ambayo kwa miaka yote nilikuwa nikiikwepa, sasa naisukuma nitakavyo na inaendelea kuimba. Freti nazo ni za chuma kisichoshika kutu. Baada ya mwaka mzima hazina hata mfereji mmoja, ilhali zile za zamani zilikuwa zimekwisha kuchimbika chini ya nyuzi mbili za kwanza.

Mlio ni habari nyingine. Siku ya kwanza niliunganisha gitaa na amplifaya, nikaongeza sauti, na nikadhani waya umekatika, kwa kuwa sikusikia ule mvumo niliouzoea. Pikapu za koili moja hunasa pia mvumo wa umeme wa nyumbani. Mwaka 1955 Seth Lover, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya magitaa ya Gibson, aliunda pikapu ya koili mbili zilizolazwa ubavu kwa ubavu na kuunganishwa kwa namna ambayo mvumo wa moja huufuta wa nyingine. Katika gitaa langu jipya koili hizo zimerundikwa moja juu ya nyingine, ili pikapu ibaki nyembamba na mlio usiende mbali na ule wa koili moja. Ukimya huo ni wa kweli, na kwa anayerekodi una thamani kubwa.

Hata hivyo, nyuzi nene zilikuwa na kasoro iliyoniudhi kwa wiki kadhaa. Nota ya uzi wa sita ilikuwa ikiyumba, mfano wa nyuzi mbili zisizolingana zikipigwa pamoja, kisha inafifia mapema. Nililaumu mbao, kama tufanyavyo wapiga gitaa wengi tunapokosa jibu. Mwishowe nilibana uzi huo kwenye freti ya mwisho na kupima nafasi kati yake na pikapu ya shingoni: haikufika milimita moja na nusu. Kwa ukaribu huo sumaku ya pikapu huuvuta uzi na kuuzuia kutikisika kwa uhuru. Nililegeza skrubu nusu mzunguko kila mara, nikisikiliza, hadi nafasi ikawa milimita tatu, na kuyumba kukaisha. Kazi hiyo ilipaswa kufanywa kiwandani, na sioni udhuru wa kuiacha katika gitaa la daraja hili.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi kulitambua. Katika gitaa la zamani, nikipunguza sauti kwa kinobu, ukali wa mlio hupungua pia, na kwa miaka mingi nimeutumia udhaifu huo kama kifaa: napunguza kidogo ninapomsindikiza mwimbaji, naongeza zamu yangu ikifika. Gitaa jipya lina kapasita, kijenzi kidogo cha umeme, kwenye kinobu hicho, inayopitisha sauti za juu hata unapopunguza. Kwa wengi ni maendeleo. Kwangu mlio ulikuwa ukibaki mwembamba na mkali, bila kifua. Niliiondoa kapasita hiyo kwa pasi ya kuchomelea, kazi ya dakika kumi, na mkono wangu ukapata tena kile ulichokizoea.

Swichi ya nafasi tano, inayochagua pikapu zipi zisikike, haihitaji maelezo marefu: ilianza kufungwa viwandani mwaka 1977, baada ya wapigaji kuchoka kuibana ile ya nafasi tatu katikati ya nafasi zake. Katika nafasi ya pili kutoka kwenye daraja (pale nyuzi zinaposhikiliwa kwenye mwili wa gitaa), gitaa la zamani bado linashinda kwa kiasi kidogo. Uzi ukiguswa tu, nota huanza kwa ncha kali kama kioo, na koili zilizorundikwa huilainisha ncha hiyo hata nizisogezeje.

Kwa hiyo jipya ndilo ninalopanda nalo jukwaani, na la zamani sijaliuza. Nalichukua ninaporekodi nyimbo zenye ala chache, huku nikikaa nimeelekea dirishani, upande pekee wa chumba ambako mvumo wake hupungua.