Shokapu za Nyuma kwa Datsun 1200 Iliyoshushwa: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Ukiishusha pikapu ya Datsun 1200 kwa kuweka bloku za sentimita 5 kati ya springi na ekseli, shokapu ya nyuma hujaigusa, lakini umeshaipunguzia nafasi. Fimbo imezama ndani ya mrija kabla hujapakia hata gunia moja, na tuta la kwanza barabarani linaigotesha mwisho. Mimi nilifunga jozi mpya ya urefu wa kiwandani, jina zuri, boksi zuri. Baada ya miezi miwili kila tuta lilikuwa linajibu "ko!" chini ya bodi. Nilipozifungua, sili zilikuwa zimepasuka na mafuta yamelowanisha hadi bushi ya chini. Siku nilipozinunua zilikuwa nzima kabisa, ila zilikuwa ndefu kwa gari langu.

Ndiyo maana kabla ya kuuliza bei, beba futi. Egesha gari mahali tambarare, tairi zote chini, bodi tupu. Pima kutoka katikati ya bolti ya juu ya shokapu hadi katikati ya bolti ya chini. Tuseme umepata sentimita 34. Kisha pima nafasi kati ya ekseli na raba ya kugotea, tuseme 5. Raba nayo hubonyea, ongeza 2. Basi shokapu yako ikibanwa mpaka mwisho isizidi sentimita 27, la sivyo itakuwa inagota yenyewe badala ya raba. Halafu inua chesi kwa jeki mpaka ekseli ining'inie, upime tena; shokapu ikinyooka yote lazima ikizidi kidogo kipimo hicho. Andika vipimo vyote viwili kwenye karatasi, na uandike pia aina ya mshiko, pete au fimbo yenye uzi na nati, pamoja na unene wa bolti. Nissan iliendelea kuuza pikapu ya ukoo huuhuu Afrika Kusini kwa jina la Nissan 1400 hadi 2008, hivyo ukiwa Kirinyaga Road, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, taja majina yote mawili. Lakini futi ndiyo iamue.

Namba moja kwangu ni shokapu fupi ya mirija miwili yenye gesi ya shinikizo dogo. Mkia wa Datsun ukiwa mtupu ni mwepesi mno, na springi zake zimetengenezwa kubeba mzigo, kwa hiyo unahitaji kitu kinachotuliza bila kuufanya mkia urukeruke. Hii inafanya hivyo, bei yake inavumilika, na hata jiwe likibonyeza mrija wa nje, pistoni ya ndani huendelea kufanya kazi. Sharti lake ni moja: isimame wima, au iinamie kidogo tu. Ukiilaza sana, gesi huingia kwenye njia ya mafuta na shokapu inakosa nguvu. Kabla ya kuifunga, isimamishe wima uibane na kuivuta mara nne au tano. Mara za mwanzo utahisi sehemu inateleza tu bila uzito. Ikiendelea kuteleza hivyo hata baada ya mara ya tano, irudishe.

Ya pili ni ya mrija mmoja wenye gesi ya shinikizo kubwa, kama zile za Bilstein. Hii unaweza kuilaza utakavyo, na haichoki upesi kwenye safari ndefu ya vumbi na makorongo. Ila ujue kwamba gesi yake inasukuma. Fimbo ya milimita 12.5 kwenye shinikizo la bar 25 inasukuma kwa takribani kilo 30, na ziko mbili. Mkia uliohangaika kuushusha utapanda kidogo, na gari tupu litakuwa gumu. Kwa anayebeba mzigo kila siku, ningeipandisha hadi namba moja.

Ya tatu ni ya kurekebishika, kama Koni nyekundu. Unaitoa, unaibana hadi chini, unazungusha, unairudisha. Ni nzuri sana, na inaweza kufanyiwa ukarabati badala ya kutupwa, lakini kupata urefu unaoutaka ni kazi. Ukibahatika, nunua.

Ya nne, ya mafuta matupu. Bei ndogo, mjini inatosha, ila kwenye barabara ya matuta ya mchanga huchemka, mafuta yanatoa povu, na mkia unaanza kuyumba.

Ya mwisho ni ya upepo, ile unayoijaza kwa pampu. Kazi ya kubeba uzito ni ya springi. Ukiihamishia kwenye shokapu, uzito unaangukia kwenye vishikizo vya chesi ya miaka hamsini, na vishikizo hivyo havikuundwa kwa ajili hiyo. Nimeviona vimepasuka.

Za mtumba sizipangi kabisa, hata zikiwa zimepakwa rangi mpya.

Fundi akikushauri uhamishe vishikizo ili shokapu ndefu ienee kwa kulala, mwambie apime pembe. Ikiinama nyuzi 45 kutoka wima, nguvu ya kutuliza inayofika kwenye ekseli inabaki nusu. Ni afadhali utafute fupi isimame.

Wakati wa kufunga, kaza bolti za pete zenye raba gari likiwa limekaa kwa tairi zake, maana ukikaza ekseli ikining'inia raba itaishi imejikunja na itachanika mapema. Kisha, kama fimbo inaonekana, izungushie ule mkanda mwembamba wa plastiki wa kufungia nyaya, usukume hadi ukutane na mrija. Pakia mzigo wako wa kawaida, pita njia yako ya kila siku, matuta yote, urudi uchungulie. Mrija utakuwa umeusukuma mkanda. Ukiukuta bado una nafasi ya vidole viwili kabla ya mwisho wa fimbo, umenunua urefu sahihi. Ukiukuta umebanwa mwishoni kabisa, rudi dukani na karatasi yako kabla sili haijapasuka.