Uzoefu wangu na programu ya duka yenye akili mnemba, hapa Chake Chake, Pemba

Ninayoandika hapa yanahusu programu ya kuendeshea duka, zile za kulipia kwa mwezi, kama inavyofanya kazi katika duka la vyakula la jumla na rejareja. Jina la kampuni naliacha. Programu hizi sasa ni nyingi na zimejengwa kwa mtindo unaofanana, kwa hiyo mwenye duka Wete, Konde au Mkoani ataikuta hiyohiyo kwa rangi nyengine.

Vifaa ni vichache: simu ya Android au kishikwambi, skana ya mkononi ya kusoma msimbo pau, printa ndogo ya karatasi ya milimita 58, na mtandao. Kazi zake ni nne. Inauza na kuhesabu stoo, inasoma ankara kwa kamera, inakadiria cha kuagiza, na inajibu maswali ya biashara kwa Kiswahili. Kwa maoni yangu kazi ya kwanza inatosha peke yake kulipia gharama. Ya pili ni nzuri ukiisimamia. Ya tatu ndiyo inayosifiwa sana na wauzaji wake, na ndiyo itakayokujazia stoo unga wenye wadudu ukiifuata bila kuihoji.

Kabla ya yote, safisha orodha ya bidhaa. Ukiwa na "sukari", "sukari nyeupe" na "Sukari kg" kwa kitu kimoja, mashine inaona bidhaa tatu zinazouzwa kidogokidogo, na makadirio yote yanaharibika tangu siku ya kwanza. Kila kitu kiwe na jina moja, na kipimo kimoja kilicho kidogo kuliko vyote unavyouzia. Polo (gunia) la sukari liingie kama kilo 50, si kama polo 1, kwa sababu mteja wa rejareja atataka robo. Ukiandika polo, robo ile haitapata mahali pa kukatwa, na muuzaji ataibandika kwenye bidhaa nyengine ili amalize foleni.

Mafuta ya kula yanataka uangalifu wake. Dumu la lita 20 halina kilo 20. Mafuta ni mepesi kuliko maji, dumu hilo lina kilo 18 na kidogo. Ukinunua kwa lita ukauza kwa kilo bila kuweka kigawanyo hicho, kila dumu litaonyesha upungufu wa zaidi ya kilo moja na nusu, na utamshuku kijana wa dukani bure. Vivyo hivyo kwa mchele unaopimwa rejareja: polo la kilo 50 halitoi mifuko 50 ya kilo moja kamili, kwa sababu ya vumbi, punje zinazomwagika na mkono wa mizani. Pima mapolo machache mwenyewe, pata wastani wa kinachopotea, kisha uingize kama upotevu unaokubalika. Kinachozidi hapo ndicho cha kuulizia.

Bidhaa nyingi za kiwandani zina msimbo wa tarakimu 13. Zilizosajiliwa Tanzania huanza na 620, za Kenya 616, lakini skana haijali nchi, inataka namba tu. Kwa vitu unavyofungasha mwenyewe, kama maharage, tende za kupima au iliki, chapisha vibandiko vyenye namba inayoanza na 2. Namba hizo zimeachwa kwa matumizi ya ndani ya duka, hazitagongana na bidhaa ya kiwanda chochote.

Sasa ankara. Unaipiga picha, programu inasoma jina, idadi na bei, kisha inaingiza mzigo stoo. Ankara iliyochapishwa kwa kompyuta inasomwa vizuri sana, na kazi iliyokuwa ikila jioni nzima inakwisha kwa dakika chache. Balaa ni ankara za mkono, na wauzaji wengi wa jumla wa Unguja, Tanga na Dar es Salaam bado wanaandika kwa mkono.

Makosa yake yanajirudia, kwa hiyo ukiyajua utayakamata. La kwanza ni ile alama ya "/=" mwisho wa bei. Mashine huiona mara nyengine kama tarakimu: 12,500/= inageuka 12,5001, au ile koma inachukuliwa kuwa nukta ya desimali na bei inakuwa shilingi kumi na mbili na nusu. La pili ni vile vijistari viwili vinavyoandikwa chini ya jina kumaanisha "kama juu". Vinasomwa kuwa 11, na ghafla una katoni 11 za kitu kisicho na jina. La tatu ni 1 na 7, hasa kwa waandishi wasiokata mstari katikati ya 7. La nne ni vifupisho: "ktn" na "dz" vikichanganywa, dazeni 5 zinaingia kuwa katoni 5.

Dawa yake ni hesabu. Kila mstari una idadi, bei ya moja na jumla yake. Ingia kwenye mipangilio uwashe ukaguzi wa mstari, ili programu izidishe idadi kwa bei na ikatae mstari usiolingana na jumla iliyoandikwa. Kisha jumla za mistari zilingane na jumla ya chini. Ankara ikipita vipimo vyote viwili, makosa yaliyobaki ni ya jina la bidhaa na kipimo, nayo yanaonekana kwa jicho. Programu isiyo na ukaguzi huu usiinunue kwa ajili ya ankara za mkono. Na risiti zile za karatasi laini za joto zipigwe picha siku ileile zilipofika, kwa sababu ukiziacha juani kwenye dashibodi ya gari zinafutika, na kamera haitasoma kisichokuwepo.

Kuhusu makadirio nitasema zaidi, maana hapo ndipo pesa zinapopotea.

Kanuni ambayo programu nyingi hutumia ni hii: mauzo ya wastani kwa siku, mara siku ambazo mzigo unachukua kufika, jumlisha akiba. Tuseme sukari inatoka kilo 40 kwa siku, mzigo unachukua siku 5 tangu kuagiza hadi kuingia stoo, na unataka akiba ya siku 3. Hapo ni 200 na 120, yaani ukifika kilo 320 agiza. Hesabu haina kasoro. Kasoro iko kwenye namba zinazoingia.

Namba ya siku za safari haitulii Pemba. Kusi, upepo wa kusini, likivuma, bahari ya mkondo wetu inachafuka, vyombo vya mizigo vinasubiri, na siku 5 zinakuwa 8. Programu nyingi zinaweka siku za kufika mara moja tu na kuzisahau. Zibadilishe kwa mkono msimu ukigeuka: ukiweka 8 badala ya 5, kiwango cha kuagizia kinapanda kutoka kilo 320 hadi 440. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikiingia na bahari ikatulia, rudisha chini, usije ukafunga mtaji kwenye mapolo.

Namba ya mauzo ina ugonjwa mkubwa zaidi. Mashine inajua kilichouzwa, haijui kilichotakiwa. Sukari ikikosekana siku 10 katika mwezi wa siku 30, ukauza kilo 800 tu, programu itagawa kwa 30 na kusema wastani ni kilo 26 na ushei. Kweli yake ni 800 kwa siku 20, kilo 40. Kwa hiyo itakushauri kuagiza kidogo, utaishiwa mapema zaidi, mauzo yatashuka tena, na ushauri utapungua tena. Bidhaa nzuri inakufa polepole huku skrini ikionyesha kuwa "haiendi". Tafuta sehemu ya kuondoa siku ambazo stoo ilikuwa sifuri. Kama haipo, tengeneza bidhaa ya bei sifuri inayoitwa "imekosekana", na muuzaji aibonyeze kila mteja anapoulizia kitu kikawa hakipo, aandike na jina la kitu. Ni kazi ya sekunde chache, na ndiyo habari yenye thamani kuliko zote zilizomo kwenye programu.

Kisha Ramadhani. Programu hizi zinalinganisha mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana, kwa kalenda ya Januari hadi Disemba. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo mwezi mtukufu unatangulia kwa siku 10 hadi 12 kila mwaka. Mwaka 2025 tulianza kufunga mwanzoni mwa Machi. Mwaka 2026 ni Februari. Anayeifuata mashine ataletewa ushauri wa kujaza tende, tambi na unga wa ngano mwisho wa Februari, watu wameshakaa kwenye futari. Manunuzi makubwa ya hapa yanafanyika Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, mzigo unatakiwa uwe dukani kabla mwezi haujaandama.

Programu nzuri zina sehemu ya matukio: ingiza mwanzo na mwisho wa Shaabani, Ramadhani na siku za Idi zote mbili, kila mwaka upya. Isiyokuwa nayo, tumia uwiano. Chukua mauzo ya Ramadhani iliyopita, gawa kwa mauzo ya mwezi wa kawaida wa mwaka uleule. Mfano, unga wa ngano kilo 1,500 kwa 600 ni mara 2.5. Mwezi wa kawaida mwaka huu ukiwa kilo 700, zidisha upate 1,750, ambayo ni mapolo 35 ya kilo 50. Fanya hivyo kwa kila bidhaa peke yake, kwa sababu tende zinapanda mara nyingi zaidi kuliko unga, na baadhi ya bidhaa, kama biskuti na soda za mchana, zinashuka. Idi ikipita, zima makadirio ya siku 30 zilizopita kwa muda. Usipoyazima, mashine itaendelea kuamini ni Ramadhani hadi Mfunguo Mosi (Shawwal) wote uishe.

Na karafuu. Mikarafuu haizai sawasawa, mwaka mmoja shamba limejaa, unaofuata ni mikono mitupu. Msimu ukiwa mzuri, wachumaji wanalipwa kwa pishi, kipimo cha ujazo, na jioni wanapita dukani na fedha mkononi. Wenye mashamba wakishauza ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, wanamaliza madeni na kununua kwa jumla. Programu yenye kumbukumbu za miaka miwili haiwezi kujifunza mzunguko huo. Itachukua mwaka wa neema kuwa ndiyo kawaida, au mwaka wa ukame wa karafuu kuwa ndiyo kawaida. Hapa jicho la mtu aliyepita mashambani akaona makonyo (vikonyo vya karafuu) yalivyofunga linashinda hesabu yoyote, na mimi naipuuza mashine bila wasiwasi katika miezi hiyo.

Msaidizi wa kuulizwa maswali ni wa manufaa kwa mambo mepesi: bidhaa gani haijauzwa miezi miwili, nani anadaiwa zaidi, faida ya mchele wiki hii. Kiswahili chake kinaeleweka. Tahadhari ni saa. Ukimuuliza mauzo ya saa moja hadi saa tatu usiku, anaweza kukupa ya usiku wa manane na kukuambia hakuna kitu. Andika 19:00 hadi 21:00.

Malipo ya simu: baadhi ya programu zinasoma ujumbe wa malipo na kuifunga risiti zenyewe. Ruhusu hilo kwa malipo ya lipa namba tu, na salio lilinganishwe kila jioni. Ujumbe wa kughushi mara nyingi unatumwa kutoka namba ya kawaida, na programu inayosoma maneno bila kuangalia mtumaji itaupokea kama halali.

Umeme na mtandao vinakatika, kwa hiyo sharti iuze bila mtandao. Simu mbili zikiuza huku zimekatika, zote zinaweza kuuza polo lilelile la mwisho, na mtandao ukirudi utaona stoo ya hasi. Usiirekebishe hapohapo. Subiri simu zote zimalize kutuma mauzo, ndipo uhesabu rafu. Ukirekebisha kabla, mauzo yaliyochelewa yanakata tena na kosa linakuwa mara mbili.

Jambo jengine linalowachanganya wengi: risiti inayotoka kwenye printa ya programu si risiti ya ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar. Kama programu haikuunganishwa na VFMS, mfumo wa ZRA wa risiti za kielektroniki, bado unatakiwa utoe risiti ya kielektroniki kwa njia yako ya kawaida. Muulize muuzaji wa programu akuonyeshe risiti halisi, si maneno.

Kabla ya kulipa, mwambie pia akutolee orodha yako yote ya bidhaa, mauzo na madeni kwenye faili la Excel, mbele yako. Wengine wanaruhusu mauzo tu, madeni ya wateja yanabaki ndani, na ukiacha kulipa unayakosa. Madeni kwetu ndiyo nusu ya biashara. Sisi tunayatoa kila Alhamisi jioni, tunayachapisha, na karatasi inakaa kwenye sanduku la fedha.