Siti au Mwanaidi?

Majina ya bibi zetu yanarudi midomoni, na mzazi wa pwani anayetaka jina la kale kwa bintiye atakutana na haya mawili mapema.

Siti ni la heshima: bibi, mwanamke mwenye hadhi. Aliyelipa uzito mkubwa ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, takriban mwaka 1880. Wazazi wake walimwita Mtumwa. Siti lilikuja baadaye, na ndilo lililobaki. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Jina lina herufi nne tu, halimsumbui karani wa pasipoti, na hata Malaysia na Indonesia wamo akina Siti wengi. Huko, hata hivyo, mara nyingi hufuatwa na jina jingine.

Mwanaidi ni la siku: binti aliyezaliwa Idi, kama Mwanajuma alivyo wa Ijumaa. Utamu wake ni kwamba linabeba habari ya kuzaliwa kwake. Ila kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kawaida, kwa hiyo birthday yake na Idi ile aliyozaliwa zitaachana mapema, zisikutane vizuri hadi akiwa na miaka 32 au 33. Na ukimpa aliyezaliwa mfungo tisa, mwezi wa tisa baada ya Ramadhani usio na Idi, jiandae kuulizwa na kila shangazi.

Mimi ningechukua Siti. Mwanaidi ningemwachia aliyezaliwa takbira zikisikika.