Siku mbili za utulivu katika nyumba ya wageni Kondoa

Kutoka Dodoma mjini hadi Kondoa ni takriban kilomita 160 za lami, na nilipofika jioni mwenyeji alinipokea kwa maji ya kunawa na kikombe cha chai ya maziwa kabla hata hajaniuliza kitambulisho. Nyumba yenyewe ni ndogo, ina vyumba sita tu vinavyouzunguka ua wenye mwembe mkubwa, ambao chini yake nilitumia sehemu kubwa ya siku ya pili nikisoma na, nikiri, nikisinzia. Chakula cha usiku ndicho kitakachonirudisha: ugali wa uwele, mlenda uliotiwa karanga, na kuku wa kienyeji aliyechemshwa taratibu hadi nyama ikaachana na mfupa. Maji ya moto huletwa kwa ndoo, jambo ambalo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni chandarua kilichotoboka, ingawa kilibadilishwa mara nilipoeleza. Mgeni mwenye siku ya ziada aende Kolo kuona michoro ya miambani, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ila avae viatu imara, kwani njia ya kupanda ina mawe.