Unanunua mfumo wa stoo hapa Tanga? Angalia kwanza kama mfumo wenyewe unajua kukataa data mbovu

Juzi nimekaa na mwenye duka la jumla huku Ngamiani, mchele kwenye mfumo wake upo mara tatu, "Mchele Mbeya", "mchele wa mbeya" na "MCHELE MBY", yani mfumo unaona bidhaa tatu, akaagiza magunia wakati mengine yamejaa nyuma. Binti wa kaunta hana kosa, mfumo ulikubali kila alichoandika. Ndo maana nasema rangi na ripoti baadae, kwanza sheria: namba ya bidhaa iwe na mpangilio mmoja kama MCH-001, idadi isishuke chini ya sifuri, jina lichaguliwe kwenye orodha sio kuandikwa upya kila siku.

Namba moja naweka mfumo uliojengwa juu ya PostgreSQL, programu ya kutunza data kwenye majedwali. Yenyewe ni bure, unamlipa fundi kazi yake. Sheria inakaa kwenye jedwali lenyewe, sio kwenye fomu tu, kwa hiyo hata mtu akipitia mlango wa nyuma kuingiza faili zima, "mch1" inagomewa. Mwambie fundi aweke CHECK (kinachoandikwa kifuate sharti), UNIQUE (kisijirudie) na NOT NULL (kisiachwe wazi), na jedwali la mauzo alifunge kwenye jedwali la bidhaa kwa REFERENCES, yani bidhaa ambayo haipo kwenye orodha isiingie kwenye mauzo. Akikuletea MySQL, programu nyingine ya aina hiyo, sio mbaya ila uliza toleo, kabla ya 8.0.16 ilikuwa inapokea CHECK afu haiifuati wala haisemi kitu.

Ya pili Access, programu ya data ya Microsoft. Duka lina kompyuta moja ya Windows na fundi huna, hii inatosha kabisa, unaandika sheria na ujumbe wako kwa Kiswahili, akikosea anaambiwa "Andika hivi: MCH-001". Faili mwisho GB 2.

Ya mwisho Excel na Google Sheets. Sheets bure na inafunguka kwenye simu, kwa machungwa ya Muheza ya msimu sawa tu. Ila Excel mtu akikopi seli nyingine akapesti juu, sheria imefutika kimya kimya, stoo kubwa usiitegemee.

Kabla hujatoa hela kaa mwenyewe uandike idadi -5, namba ya bidhaa ambayo tayari ipo, simu ya tarakimu 9. Ikipita hata moja usilipe. Na mkubaliane mapema nani anasafisha data za zamani, maana PostgreSQL kwa kawaida inakataa kuongezewa sheria kama kuna mstari wa zamani unaoivunja, na hapo fundi ndo anaanza kudai hela nyingine.